Objektifu ya Orijinali, ya Adaptabule, na Mbuzi za Kavira

Ninyi bijana na mabinti benye munapiga foto mu Butembo na mu Beni, benye munasimama ku mulango yangu, munaniita Mukaka sawa bibi yenu, na kuniuliza, "Mukaka, ninunue objektifu ya orijinali ao ya adaptabule?", mukae chini sasa. Nitawajibu mara moja tu, na kwa kuandika, sababu nimechoka kujibia mulangoni wakati chai yangu inapoa. Kazi nimeiacha. Yenye ninajua ninaiweka hapa. Mwenye ataruka mistari kisha akuje kuniuliza tena, nitamurudisha kwao.

Kwa mwenye anaanza leo: objektifu ni ile jicho ya bioo yenye tunafunga mbele ya apareyi ya foto. Orijinali ni yenye kampuni ya apareyi yenyewe ilitengeneza. Adaptabule ni yenye kampuni ingine ilitengeneza ili iingie ku apareyi yenye si yake, sawa vile pistoni na minyororo ya pikipiki zenye munanunua mu soko. Nilisoma mupaka mwaka ya ine ya primaire. Mwenye anatafuta maneno ya kitabu, aende kwa mwenye kuuzisha bitabu.

Nilianza kazi Beni, kwa Baba Ramazani. Alikuwa mutu wa familia ya Kiislamu, bandugu zake bote balikuwa na makamyo ya kubeba bintu. Yeye alifungua studio sababu kamyo ilikuwa inamutapisha. Alinichukua kazi kwa sababu moja: bamama ba kwao habakutaka mwanaume abatengeneze kitambaa ya kichwa mbele ya foto. Donc nilikuwa mutu wa vitambaa. Siku ya kwanza alinipa ufagio, kopo ya maziwa ya unga, na muchele ya kukaanga bila mafuta. Nikafikiri ni chakula yangu. Kumbe muchele ilikuwa ya objektifu. Beni ni joto na mvua, na bioo inakamata kuvu. Muchele ya kukaanga inakunywa ile maji ya hewa mu kopo, objektifu inabaki mukavu.

Kisha alinipa objektifu moja, akaniambia niinyanyue mbele ya dirisha.

"Unaona nini?"

"Ninaona dirisha, Baba."

"Angalia ndani yake. Hapana kupitisha macho."

Nikaangalia tena. Mu katikati ya bioo kulikuwa nyuzi nyeupe, sawa buibui alijenga nyumba mule.

"Mwenye aliniuzisha hii aliapa kama ni orijinali, ya kampuni yenyewe, haiharibike," akasema. "Kuvu haisome jina."

Mbele ninyi muniulize jina ya kampuni, muniulize kwanza kama objektifu ililala fasi gani. Nimeona bijana banabeba orijinali ya bei ya kutisha ndani ya sashe ya plastike, pamoja na soksi.

Baba Ramazani alikuwa na objektifu moja tu ya maana, ile ya milimita hamsini, orijinali. Ya hamsini haivute mutu karibu, haimusukume mbali. Inamuona sawa macho inamuona. Nilitumika na ile miaka mingi, nikajua kila kitu yenye inaweza na yenye haiwezi. Hiyo ni bora kuliko kuwa na tano zenye haujue ata moja. Wakati niliolewa na kupanda kuikala Butembo, aliniuzisha ile ya hamsini na apareyi yake. Aliniambia tu nisisahau muchele. Wengine, ku harusi, balinipa masahani.

Butembo ni baridi na ukungu asubuhi, vumbi nyekundu wakati wa kiangazi. Bwana yangu alikuwa anauzisha bipande ya pikipiki, na miye nikaweka kitambaa ya bluu pembeni ya duka yake, nikapiga foto za karte ya kitambulisho, za batoto ba masomo, za batizo, za harusi, za matanga. Wakati alikufa, kijana wetu Kasereka akakamata duka. Kasereka njo mutu wa kwanza wa kuniletea adaptabule. Alitoka nayo Kampala, akaipitisha Kasindi ndani ya gunia, katikati ya minyororo na garniture za breki. Ilikuwa zoom ya murefu.

"Mama, hii inavuta mupaka kwenye ule mulima."

"Nani aliitengeneza?"

"Bengine. Lakini inaingia ku apareyi yako."

"Ata mwizi anaingia."

Akacheka. "Mama, siku miye siko unauzisha batu pistoni ya adaptabule, na unabaapia kama ni muzuri."

"Ile ni pikipiki ya bo."

Lakini niliichukua, sababu hamsini haikuweza kufikia bibi-arusi wakati kanisa imejaa na Padri hataki mutu asogelee altare. Na hapa sasa musikilize muzuri, sababu hii hakuna mutu atawaambia mu duka. Pete ya zoom ya ile adaptabule ilikuwa inazungukia upande ingine, si upande wa orijinali. Mikono yako imejifunza kwenda kushoto, hii inataka kulia. Siku ya batizo ya kwanza na ile zoom, Padri alimwanga maji, nikazungusha sawa nilivyozoea, na badala ya kufungua nikavuta. Nilipata sikio ya Padri, muzuri sana, kila nywele. Familia ilinunua foto ingine. Ukinunua adaptabule, ikae kwanza na wewe mu nyumba. Uizungushe ukipika, ukiongea, mupaka mikono ijue bila kichwa.

Kitu ya pili. Nyuma ya objektifu kuna bidole kidogo za shaba, njo apareyi na objektifu zinaongea na ile. Orijinali na apareyi ni bandugu, banasikilizana. Adaptabule ni mugeni mwenye alijifunza luga kwa kusikia. Siku ingine apareyi inakataa, inaandika kama haione objektifu. Hapana kulia, hapana kuipiga. Chukua gome ya mwanafunzi, ile ya kufuta penseli, upanguse zile bidole polepole, upulize, urudishe. Mara mingi inarudi. Kama haikurudi, subiri hasira ikatike, kisha ujaribu tena mbele ya kumutukana mwenye alikuuzisha.

Kitu ya tatu. Mu giza, adaptabule nyingi zinatafuta-tafuta, zinaenda mbele na nyuma sawa mutu mwenye alipoteza funguo, na bibi-arusi ameisha kupita. Orijinali inakamata mbio. Kwa kanisa ya giza na bahari ya batu, orijinali inastahili bei yake. Kwa barabara pia. Orijinali nzuri iko na mupira kidogo nyuma, yenye inazuia vumbi na mvua. Nilienda na zoom ya orijinali Manguredjipa juu ya pikipiki, kwa harusi ya mutu wa dhahabu, mvua ikatupiga njia yote. Miye niliugua. Objektifu haikuugua.

Lakini orijinali ikivunjika hapa kwetu, ni matanga. Kipande yake haiko Butembo, haiko Beni. Unaituma mbali na unaanza kusali. Adaptabule, fundi wa radio anaifungua bila kuogopa, na kama ameiua, unaomboleza siku moja.

Na kuna ya tatu yenye haiko orijinali wala adaptabule: ya uongo. Inaandikwa jina ya kampuni kubwa, na haikuzaliwa kwa ile kampuni. Ikwangue jina na ukucha. Kama herufi inatoka, muachie mwenye nayo. Adaptabule haina haya, inasema jina yake yenyewe. Ya uongo inavaa jina ya mwingine. Musichanganye zile mbili. Batu banatukana adaptabule kwa makosa ya ya uongo.

Sasa nafika kwa granangle. Granangle ni ile objektifu ya kuona kwa upana, yenye inaingiza batu bote mu foto ata kama umesimama karibu. Kwetu aliileta Kavira. Kavira ni mujukuu yangu, mutoto wa binti yangu Masika. Baba yake alikufa Kavira akiwa mudogo, akakomaa kwangu, na kazi ya foto aliijua mbele ya kujua kusuka nywele. Familia ya baba yake iko Kayna. Alimuagizisha Kasereka granangle ya adaptabule bila kuniuliza.

"Mukaka," akaniambia, "parcelle za nyumba hapa Butembo ni kidogo, na batu habapunguke. Na hamsini yako unapaswa kutoka mu barabara ili bote baingie, na pikipiki inakugonga."

Alikuwa na haki. Nilijaribu ile granangle ku bati ya nyumba ya jirani, sababu mistari ya bati imenyooka na inakuonyesha uongo mbio. Ku pembeni mistari ilipinda sawa ndizi. Mu katikati ilikuwa muzuri. Nikajifunza: hapana kuweka mama mukwe pembeni, kichwa yake itavutika sawa muhogo. Na kitu ya mbele inakuwa kubwa kuliko vile iko, na ya nyuma inakuwa kidogo kuliko vile iko. Mutu wa tumbo akisimama mbele, tumbo inafika mbele yake. Hiyo si ugonjwa ya adaptabule. Hiyo ni kazi ya granangle.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa mahari ya Kavira mwenyewe. Yeye hakuweza kujipiga foto, donc nikanyanyua apareyi.

Mwanaume alikuwa mwalimu Kalonji, mutu wa Kasai, mwenye Serikali ilimutuma kufundisha hapa. Alikuwa mutu wa kimya, na shati zake zilikuwa safi kila siku, ata wakati wa vumbi. Alikuwa amepata karatasi ya kumuhamisha, masomo ikifungwa alipaswa kwenda Bunia. Kama mahari haikupokelewa mbele ya ile, ataenda yeye moja, na Kavira atabaki kwangu bila kuolewa, anangoja. Bote babili balijua kama ngojea ya hapa kwetu haina mwisho. Barabara inafungwa leo, na mwenye kuifungua haujue ni nani.

Na barabara ya Kayna ilikuwa imefungwa sababu ya vita. Kule njo alikuwa Baba Mukubwa Paluku, kaka mukubwa wa marehemu baba ya Kavira. Bila neno yake, mbuzi za mahari hazilale kwa familia ya muke. Hakuweza kupanda. Alisema kwa simu atakubali, lakini kwa macho yake, na macho yake itakuwa foto.

"Munitumie moja," akasema. "Mbuzi zote na batu bote. Moja tu, sababu réseau ya simu ya huku inakuja na kurudi, na foto mingi hazipite."

Mu Kayna habakumujua Kalonji. Balijua tu kama ni mutu wa kutoka mbali.

Tulifanyia ku parcelle yangu. Marafiki ba Kalonji, balimu benzake, balileta mbuzi kutoka Mangina, kubwa, za mafuta, moja ndume ya mapembe yenye ilivuta mwalimu wa jiografia mupaka mu mufereji. Upande wa Kayna alikuwa Kanyere, dada ya Baba Mukubwa, mwenye anakaa hapa Butembo na anaongoza kila kitu yenye inatembea. Kanyere alipanga foto. Bamama mbele na bapagne, bitenge za mupya, bababa katikati, mbuzi nyuma kabisa, zimefungwa karibu na ukuta, ili zisichafue mutu.

Nikamwambia: "Kanyere, kama mbuzi ziko nyuma, hii objektifu itazifanya kidogo."

"Mama, nani anaolewa, Kavira ao mbuzi?"

Batu balicheka. Niliweka hamsini mbele ya jicho. Iliingiza Kavira, Kanyere, na nusu ya Padri mwenye tulimualika. Nyuma yangu kulikuwa choo ya jirani, na choo haisogee. Nikafunga granangle. Nikapiga. Kasereka akaituma.

Wakati tunangoja jibu, Kanyere alisema mugeni hawezi kuangaliwa na sufuria tupu, na ndume ya mapembe ikachinjwa kwa kukaribisha. Kwa kawaida tunababua mbuzi na ngozi yake, lakini fundi wa ngoma wa korali yetu ya kanisa, mwenye anaikala nyumba mbili chini, alikuwa ameomba ngozi kubwa. Bakachuna, bakamupelekea.

Simu ikalia. Kanyere akaiweka sauti ya inje, ili bote basikie.

"Kanyere."

"Ndiyo, yaya," akajibu, sawa tunavyoita kaka mukubwa.

"Nimeona foto. Kavira amependeza. Wewe umenenepa."

"Ni objektifu, yaya."

"Mbuzi ziko wapi?"

"Nyuma yetu."

"Nyuma yenu ninaona sungura."

Balimu balianza kucheka, kisha baliacha.

"Ile ya mwisho, karibu na ukuta," Baba Mukubwa akaendelea, "mama yake anajua kama ilitoka nyumbani?"

Kalonji akaomba simu. "Baba, ni miye Kalonji. Mbuzi ni kubwa, Baba. Ni za Mangina."

"Mwalimu, unafundisha nini?"

"Hesabu, Baba."

"Inaonekana. Mbuzi kidogo, bei kidogo. Kanyere, zirudi kwa benyewe. Barabara ikifunguka nitapanda kuangalia na macho yangu."

Kalonji akarudisha simu kwa Kanyere na mikono mibili, na adabu, sawa simu ilikuwa sahani ya moto. Kavira akatoa biatu vya harusi, akaingia mu nyumba. Hakulia. Alitoa biatu tu, na Masika akamufuata. Marafiki ba Kalonji bakaanza kufungua kamba za mbuzi.

Nikabaambia baache kamba. Nikachukua simu.

"Baba Mukubwa, ni miye, mama ya Masika."

"Jambo, mama mukwe."

"Hizi mbuzi niliziona, na nimeziona muzuri kuliko wewe. Objektifu njo inakudanganya."

"Objektifu ya nani?"

"Yangu."

"Basi yako ni mubaya."

"Si mubaya. Tuliiomba kazi yenye si yake. Nipe mupaka jua iteremuke, nikutumie ingine."

Nilisikia kuku kwake.

"Moja moja," akasema. "Kila mbuzi na mutu pembeni yake, nione mugongo wake inafika wapi. Na mutu mwenye namujua."

"Nani unamujua hapa?"

"Kanyere. Ni mufupi tangu utoto, haikubadilika."

Nikarudisha hamsini. Kanyere akasimama na kila mbuzi, mukono ku kamba, pagne ya mupya, na mbuzi hazikumuheshimu. Ya pili ilikula mukanda wa kitambaa yake. Ya tano sisemi yenye ilifanya. Niliinama ili objektifu ikae sawa na mugongo wa mbuzi, sababu ukipiga kutoka juu mbuzi inafupika, ukipiga kutoka chini inakuwa ngombe, na sikutaka kumudanganya upande ingine. Kasereka alituma moja moja, akipanda juu ya ngazi ili réseau imuone. Na moja moja jibu lilirudi: "Sawa." "Sawa." "Hii iko na mimba?" "Sawa."

Kisha simu ikalia tena.

"Moja imekosa. Ile ya ukuta."

Kanyere akaangalia sufuria. Bote tukaangalia sufuria.

"Imeisha kupikwa, yaya."

"Munapika mbuzi yenye sijakubali?"

"Ni ya kukaribisha."

"Munakaribisha batu na mutoto wa mbuzi? Ile njo ilikuwa kidogo kuliko zote."

"Ilikuwa kubwa kuliko zote, yaya, ninaapa."

"Usiape. Nionyeshe."

Mutu alisema tupige foto ya kichwa, lakini kichwa ilikuwa imepasuliwa kwa supu. Mwalimu wa jiografia alisema aonyeshe mukwaruzo yenye ndume ilimufanyia ku mukono. Nilikuwa ninafikiri mapembe, wakati Kavira alitoka mu nyumba, miguu bila biatu.

"Mukaka, ngozi," akasema.

Tukateremuka bote kwa fundi wa ngoma, sawa batu ba matanga, bamama na bapagne zao, balimu na kravati ku shingo. Ngozi ilikuwa imevutwa chini mu kiwanja yake, imefungwa na miti kidogo pembeni, na inzi zimeisha kuizunguka. Fundi akafikiri tumekuja kumunyanganya, akasimama mbele yake na chuma ya kutobolea.

Nikapanda juu ya benchi ya fundi, apareyi ikiangalia chini moja kwa moja. Ngozi yenye imelala chini ni kitu rahisi kwa hamsini, haina mbele, haina nyuma. Lakini ngozi moja peke yake, mutu wa Kayna atajua namna gani kama ni ya ndume ao ya sungura? Ilihitaji mutu pembeni.

"Kanyere, lala pale."

"Mama, miye nilale chini pembeni ya ngozi? Sijakufa."

"Pagne yako imeisha kuharibika."

"Imeharibika juu. Chini iko muzima."

Kalonji alitoa koti, akamupa Kavira. Alikunja suruali ku magoti, kisha akaona hiyo haitasaidia, akaikunjua. Akalala mu ile matope na damu, shati nyeupe, mikono ku mapaja.

"Kichwa yako sawa na shingo yake," nikamwambia. "Teremuka. Tena. Bega ku bega."

"Namna hii, Mukaka?"

"Funga kinywa, inzi."

Nikapiga. Ngozi ilitoka ku bega yake ikapita kiuno, ikakaribia goti. Nikamukataza kuamuka, sababu kama foto haikupita nilitaka kupiga ingine kama ile, na mutu akiisha kuamuka habakie vile alikuwa. Kasereka akapanda juu ya ukuta ya fundi kutafuta réseau. Tukangoja. Fundi wa ngoma akamuuliza Kalonji kama anafundisha pia musiki. Kalonji akajibu kwa adabu, hapana, bila kugeuza kichwa. Kavira alikuwa amekumbatia koti. Inzi moja ilitembea ku paji ya uso ya mwalimu, kutoka upande huu mupaka upande ule, na hakuifukuza.

Simu ikalia. Kanyere akaishika mbele ya bote.

"Yaya."

"Huyu mwenye amelala ni nani?"

"Ni mwalimu."

"Mwalimu wa hesabu?"

"Yeye. Alilala ili upime ngozi."

"Na shati nyeupe?"

"Na shati nyeupe."

Kasereka akafikiri réseau imekatika, akataka kushuka, nikamwambia abakie.

"Ako bado chini?"

"Ako chini. Mama mukwe amemukataza kuamuka."

"Mumwambie aamuke," Baba Mukubwa akasema. "Mbuzi zilale kwetu."

Bamama bakapiga vigelegele mupaka korali yenye ilikuwa inajifunza kule chini ikaacha kuimba. Kalonji aliamuka, mugongo wake wote mweusi, na Kavira akamuvalisha koti juu ya ile matope bila kumupangusa. Tukarudi kula. Ndume ilikuwa laini. Masomo ilipofungwa, babili balienda Bunia pamoja, na mu sanduku yake Kavira alibeba kopo ya muchele ya kukaanga. Sikumuambia aibebe.

Kesho yake ya mahari, asubuhi, Kasereka aliweka granangle juu ya meza.

"Mama, tuuzishe hii adaptabule. Ilikaribia kuvunja ndoa. Nitatafuta granangle ya orijinali kule Kampala."

Hapo njo jibu yenu ninyi benye munakuja mulangoni, donc musome polepole. Nikamwambia granangle ya orijinali ingefanya mbuzi kuwa sungura vilevile, lakini sungura ya bei kali. Jina ya kampuni inakuambia kama objektifu itakamata mbio, kama itavumilia mvua, kama itasikilizana na apareyi yako, na kama ikivunjika utalia siku ngapi. Haikuambie kama ni objektifu ya ile kazi. Ile unajua wewe. Uliza kwanza nani ataangalia foto, na ako wapi, na anataka kujua nini. Batu ba mu parcelle balijua ukubwa ya mbuzi, zilikuwa nyuma yao. Foto haikuwa ya bo. Ilikuwa ya mutu moja mu Kayna, na yeye alitaka kujua kitu moja. Kisha unatafuta yenye inaona ile kitu. Kama ni orijinali, muzuri. Kama ni adaptabule na mikono yako imeijua, muzuri pia.

Masika na bajukuu balikuwa bamefika kunywa chai. Nikaweka hamsini pembeni ya granangle, nikabaambia bote: hizi zote mbili zinabaki mu hii nyumba, hapana kuuzisha ata moja. Ku mahari, mbuzi zipite mbele na bamama nyuma, ata kama ni Kanyere anapanga. Na hakuna mutu atachukua kisu kwa mbuzi ya mahari mu parcelle yangu kabla Baba Mukubwa aseme sawa.